Kaburi Alilofagia Turfosa

Shangazi yangu Turfosa Aloo alizikwa mwaka jana kwa mumewe, Ugenya. Waliohutubia walisema alikuwa mama wa watoto saba, sauti ya kwanza katika kwaya na mfinyanzi ambaye vyungu vyake havikuvuja. Yote ni kweli. Lakini hakuna aliyelitaja lile kaburi alilokuwa akilifagia, na mimi si mtu wa kusimama mbele ya watu na kipaza sauti. Kwa hiyo ninaliandika.

Kaburi liko kwetu Alego, upande wa kulia wa mahali ilipokuwa nyumba ya nyanya yangu Peres. Ni la Ogweno, baba yake Turfosa, aliyechukuliwa kwenda vita vya Bama, yaani Burma, wakati Turfosa bado anabebwa mgongoni. Wenzake waliporudi, yeye hakurudi. Nyambok, askari wa kijiji cha pili, alikuja akaketi mbele ya wazee, akasema alimwona Ogweno akipigwa risasi wakivuka mto, na maji yakamchukua. Kwetu mtu ambaye mwili wake hautapatikana huzikwa tunda la yago badala yake, lile tunda refu, zito kama mkono wa mtu mzima. Wakaliosha yago, wakalivika shuka, wakachinja ng'ombe, wakalia, wakalizika. Peres akanyolewa nywele. Baada ya muda akarithiwa na shemeji yake, Oguya, ndugu mkubwa wa Ogweno.

Kwa Oguya, Peres alimzaa baba yangu, Aduda. Kwa damu baba alikuwa mtoto wa Oguya. Kwa desturi alikuwa mtoto wa Ogweno, kwa sababu alizaliwa katika nyumba ya Ogweno. Kwa hiyo mimi ni mjukuu wa yule aliyekwenda Bama, na shamba ninalolima, na udongo ninaofyatulia matofali, ni vyake. Baba alipofariki tulimzika hapo hapo, mtoto karibu na baba.

Turfosa aliolewa mbali kidogo, lakini kila mwaka kabla ya mvua kubwa alikuja kulifagia kaburi. Zamani alikuja kwa miguu na chungu kichwani, siku za mwisho alikuja kwa pikipiki. Aling'oa magugu, akarudisha udongo uliosombwa na maji, kisha akakaa chini amenyoosha miguu, na kovu lake la zamani likionekana kwenye muundi, kubwa kama jani la kunde. Alinitania kila mara. Aliniita "mume wangu", kisha akanisema kwa mke wangu kwamba alimwoza kwa mtu anayezungumza kana kwamba maneno ameyakopa.

"Wanaume wa hapa mnajua kuzika," alisema. "Kufagia hamjui. Ningekufa mimi, baba yangu angelala chini ya nyasi kama panya."

Alikuwa na kitu kimoja tu cha baba yake, kikombe cha bati cha jeshini ambacho Ogweno alikiacha alipokuja likizo kabla ya kusafirishwa. Chini yake alikuwa amekwaruza namba yake ya jeshi kwa msumari. Macho ya Turfosa yalipoanza kufunikwa na mtoto wa jicho, alikuwa akiisoma namba hiyo kwa kidole.

Ni hayo macho yaliyoanzisha jambo lote. Alisikia kwamba askari waliokufa vitani majina yao yamechongwa kwenye mawe, na kwamba kuna ofisi ya Wazungu inayojua kila jina liko kwenye jiwe gani. Akataka kuliona la baba yake kabla giza halijamfunga. Akamwambia binti yake Jenipher, karani huko Nakuru, aandike. Jibu likaja kwamba jina hilo halimo katika waliokufa.

Turfosa hakushtuka. Alisema watafute tena, hata Wazungu husahau. Jenipher akaandika kwa ofisi nyingine, ile inayotunza karatasi za askari, na safari hii akatuma namba ya kwenye kikombe. Miezi ikapita. Siku Jenipher alipokuja na bahasha, Turfosa alikuwa kwangu, jikoni, anachambua omena pamoja na mke wangu.

Jenipher alisoma polepole, akitafsiri. Ogweno wa Alego. Alijeruhiwa mkono wa kushoto. Mkono ulikatwa. Alilazwa hospitali ya jeshi Bara Hindi kwa muda mrefu. Aliachiliwa kutoka jeshini akiwa hai, akapewa nauli ya kufika Kisumu.

"Soma pale pa mkono," Turfosa akasema.

Jenipher akasoma tena.

"Na pale pa Kisumu."

Akasoma. Turfosa aliendelea kuchambua omena kwa muda, akitupa vichwa na samaki wazima pamoja, hata mke wangu akamwondolea ungo taratibu.

"Basi aliteremka Kisumu," akasema. "Kutoka Kisumu mpaka hapa, mtu mwenye miguu anafika. Walimkata mkono, si mguu."

Kulikuwa na kitu kingine kwenye karatasi hiyo. Mahali pa kuandika anwani, ili atumiwe mkono wa bandia ukiwa tayari, palikuwa pameandikwa jina la kwetu. Limepigwa mstari kwa wino. Juu yake pameandikwa: Misheni ya Got Kodero. Got Kodero iko ng'ambo ya mto Yala, upande wa Sakwa. Hakuna mtu wa kwetu anayeishi huko.

Aliyebaki kati ya watu wa wakati ule alikuwa mmoja tu, Nyagaya, mtoto wa Oguya kwa mke wake mkubwa. Kwangu ni baba mkubwa. Alikuwa kijana wa kuoa mwaka ule askari waliporudi. Tulimkuta nje ya nyumba yake akiota jua, blanketi magotini. Turfosa hakuzunguka. Alimwambia kwamba karatasi inasema baba yake alirudi, na kwamba akimdanganya atakaa pale pale kwenye kigoda mpaka mmoja wao afe.

"Utakufa wewe," Nyagaya akasema. "Mimi kifo kimeshanisahau."

Kisha akatuambia. Alieleza kwa muda mrefu, akitua na kukohoa. Nitafupisha.

Ilikuwa asubuhi, ng'ombe hawajatoka. Mtu alikuja na njia ya kisimani, amevaa koti la jeshi, mkono mmoja wa koti umefungwa fundo. Nyagaya alidhani ni muuza chumvi. Oguya alimtambua kwa mwendo. Akakimbia, Nyagaya akadhani anakimbia kumkumbatia, lakini alifika langoni akasimama katikati, akanyoosha mikono yote miwili kushika ua wa minyaa huku na huku. Akamwambia, "Ndugu yangu, usiingie. Tumekuzika."

Aliyezikwa kwa yago hapiti tena lango la nyumbani kwake. Akipita, ameingia na kifo, na watu wa boma wataanza kufa mmoja mmoja, watoto kwanza. Hilo hata Ogweno alilijua, amelijua tangu utoto, kama sisi sote. Kwa hiyo hakusukuma. Aliweka mfuko wake chini nje ya lango, akakaa juu yake. Oguya naye akakaa, upande wa ndani. Uji ukaletwa, Oguya akauweka chini pale katikati, akarudi nyuma, ndipo Ogweno akauchukua.

"Walizungumza nini?" Turfosa akauliza.

"Baba yako aliuliza kaburi liko upande gani. Baba yangu akasema, kulia kwa nyumba ya Peres. Akauliza tulichinja ng'ombe yupi. Baba yangu akasema, yule mwekundu mwenye pembe moja. Baba yako akasema, 'Yule? Kwa ajili yangu?' Akacheka. Yule ng'ombe alikuwa wa mahari ya dada yao, hakuguswa hata mwaka wa njaa. Akasema, 'Basi mlinizika vizuri. Sina lawama.'"

"Na mama yangu?"

Nyagaya alivuta blanketi. Alisema Peres alitoka kwenye nyumba yake akiwa na mimba ya Aduda, imeshaonekana, akasimama hapo mlangoni kando ya kaburi, hakusogea. Mumewe alimwona. Walitazamana tu. Kisha Ogweno akauliza mtoto yuko wapi, akaambiwa amelala, akasema asiamshwe. Akabeba mfuko wake akaondoka kwa njia aliyokuja nayo. Oguya alilia mpaka jua likawa juu, kilio cha pili kwa mtu yule yule, ila safari hii aliwakataza wote wasitaje kamwe kwamba amerudi, maana kutaja ni kuita.

"Nilikuwa nimelala," Turfosa akasema. Tulipokuwa tunarudi alisema tena, kwa sauti ya mtu anayekasirishwa na mtoto. "Nililala."

Wiki iliyofuata tulikwenda Got Kodero, mimi na yeye, kwa pikipiki mbili. Ni hospitali ndogo ya misheni, na nyuma yake kanisa la mawe, na nyuma ya kanisa makaburi. Katekista alitutolea kitabu cha mazishi. Haikuchukua muda. Mwaka wa mwisho kabla ya uhuru kuanza kuzungumzwa kila mahali, palikuwa na mstari mmoja: Ogweno, askari wa zamani, bawabu wa hospitali. Ugonjwa wa mapafu. Mahali pa ndugu palikuwa patupu.

Niliusoma mstari huo kwa sauti. Nikarudia neno bawabu, kwa sababu shangazi aliomba nirudie. Katekista akasema bawabu ni yule anayelinda lango.

"Najua bawabu ni nani," Turfosa akasema.

Katekista akaona kwamba haitoshi, akatupeleka kwa mama mmoja, Norah Adero, aliyekuwa mpishi wa hospitali tangu msichana na sasa anaishi katika chumba kidogo karibu na jiko. Mzee sana, lakini ulimi wake haukuzeeka. Tulipomtajia Ogweno alisema hamjui. Tukasema wa mkono mmoja.

"Yago!" akasema. "Mngesema Yago. Mwenyewe ndiye aliyejiita hivyo. Daktari Mzungu aliliandika kabisa kwenye mlango wa kibanda chake, hakujua maana yake. Wagonjwa wakilisoma, wengine wanarudi nyumbani bila matibabu."

Alicheka mwenyewe, kisha akatutazama, akaomba radhi. Turfosa akamwambia aendelee. Akamwambia asiache kitu.

Norah alisema Yago alikuwa mtu wa maskhara. Ukimwuliza mkono uko wapi alisema umebaki Bama unatafuta kazi, ukipata utamtumia pesa. Mkono wa bandia ulikuja kwa sanduku, akautundika ukutani, akautumia kupigia mbwa. Hakuoa. Wanawake wa pale walimpenda, Norah mwenyewe, alisema bila haya, alimpelekea ugali mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Alimjibu kwamba mtu aliyezikwa haposi.

"Lakini kulikuwa na mwanamke aliyemjia," Norah akasema. "Kila mwaka baada ya mavuno. Mrefu, amejifunga leso kiunoni. Alileta unga wa mtama mpya na samaki mkavu. Haingii. Anakaa nje ya lango kwenye jiwe, Yago anakaa ndani. Hawashikani mkono. Unga anauweka chini, anarudi nyuma, ndipo Yago anauchukua. Wanazungumza mpaka jua linageuka, kisha mwanamke anaondoka. Siku hiyo Yago hana maskhara. Nilidhani wana wazimu wote wawili. Alipokufa tulimtafuta yule mwanamke, lakini nani anajua kwao? Mwaka uliofuata akaja na unga wake. Nikamwonyesha kaburi. Akaumwaga unga pale, wote, akaenda zake."

Turfosa alikuwa ameshika magoti yake. Mama yake, Peres, alikuwa akiondoka kila mwaka baada ya mavuno kwenda, alisema, soko la Sakwa kubadilisha mtama. Alirudi bila kitu. Oguya alimgombeza kwamba hajui biashara.

"Aliishi na mimi mpaka anakufa," Turfosa akasema. "Nilimlisha kwa mkono wangu. Aliniona nikilifagia lile kaburi kila mwaka. Aliniona, na hakusema."

Norah akamwuliza kama ana dada.

"Sina."

"Basi ni wewe. Alikuja na mtoto mara moja. Msichana mwenye kidonda kibaya mguuni, kimeoza, tukakifungua hapa hapa. Alipiga kelele mpaka Yago akaacha lango akaja kumchekesha. Alimpa pera."

Mimi nilitazama chini. Shangazi aliinua leso polepole akashika muundi wake, lile kovu kama jani la kunde, akalifunika kwa kiganja kana kwamba bado linauma. Alikuwa analikumbuka pera hilo. Alituambia pale. Hakukumbuka sura, alikumbuka kwamba mtu alilipangusa pera kwenye shati kwa mkono mmoja, akalivunja kwa meno, akampa nusu iliyo kubwa. Akamwuliza jina lake. Naye, kwa sababu alikuwa amefundishwa kuwajibu wakubwa vizuri, alisema, "Mimi ni Turfosa, binti wa Ogweno aliyekufa Bama."

"Akasema nini?" Norah akauliza.

"Akasema, 'Nilimjua. Alikuwa akikuimbia.'"

Kaburi lilikuwa kilima cha udongo kilichodidimia, halina jiwe, nyasi zimefika magotini. Turfosa alidai ufagio. Tukaondoka jua likiwa limeshageuka.

Kuanzia siku hiyo alitaka kitu kimoja tu: baba yake achimbwe arudishwe Alego, alale pale alipopafagia miaka yote. Jenipher alisema gharama zitapatikana. Misheni ilikubali. Wazee wakakutana kwa Nyagaya. Turfosa alizungumza vizuri, bila kulia. Alisema aliyekuwa na makosa ni Nyambok, na Nyambok naye hakudanganya, aliona alichoona. Alisema mtu hawezi kufukuzwa na tunda.

Nyagaya ndiye aliyejibu, na hakujibu kwa ukali. Alisema hata yeye angependa. Lakini mtu mmoja hawezi kuwa na makaburi mawili katika boma moja. Ili Ogweno aingie, yago lazima litolewe, na kulitoa ni kusema kwamba mwaka ule Ogweno hakuwa amekufa. Na kama hakuwa amekufa, Peres hakuwa mjane, na Oguya alilala na mke wa mtu aliye hai, ndugu yake.

"Na Aduda atakuwa nani?" akasema. "Mtoto wa nani? Tumemzika pale kama mtoto wa Ogweno. Na huyu?" Akanielekezea kidevu. "Huyu analima shamba la nani?"

Watu walinigeukia. Sikujua niweke wapi mikono. Nilitaka kusema kwamba shamba silitaki, waniruhusu nimwambie shangazi achimbe, lakini nina watoto wanne. Turfosa hakuwa anaona vizuri wakati huo. Aligeuza uso kuelekea nilipokuwa, akanitazama hivyo hivyo, mimi kivuli tu kwake, kwa muda.

"Basi," akasema. "Mwacheni."

Sikujua kama alikuwa anamsema Ogweno au mimi. Nilipomsindikiza alinishika mkono kwa sababu ya mashimo, na kabla ya kupanda pikipiki alisema mama yake hakuwa mjinga. Alikuwa amepiga hesabu ile ile, peke yake, akiwa na mimba, amesimama kando ya kaburi.

Mwezi uliofuata nilifyatua matofali, nikayachoma vizuri, nikayapeleka Got Kodero kwa mkokoteni wa kukodi. Nilijenga ukingo kuzunguka kaburi na kibao cha saruji kichwani, nikaandika jina kwa ncha ya mwiko kabla saruji haijakauka. Chini ya jina nilibandika kile kikombe cha bati, namba ikiwa nje. Shangazi ndiye aliyetaka. Nilimwambia watu watakiiba. Akasema wanywee.

Alikuwa ameleta pia udongo, umefungwa kwenye leso. Aliuchota mwenyewe Alego, si kwenye kaburi, bali mahali palipokuwa sakafu ya nyumba ya Peres, ndani, karibu na mafiga. Aliumwaga juu ya kilima akausambaza kwa viganja, alivyokuwa akisambaza udongo wa vyungu, akipapasa kila pembe ili usibaki mahali patupu. Kufikia siku hiyo alikuwa haoni kabisa. Norah alisimama pembeni kwa fimbo yake. Mimi niliosha mwiko ingawa ulikuwa safi.

Alipomaliza alibaki amepiga magoti. Akajisafisha koo, kama mtoto aliyefundishwa kuwajibu wakubwa vizuri.

"Mimi ni Turfosa," akasema, "binti wa Ogweno."

Akaishia hapo.